Farasi Niliowafunga kwa Waya

Siku niliyokabidhi funguo za stoo, vijana wa gereji walikuwa wameinamia simu moja wakibishana kuhusu magari ya spoti. Mmoja alishikilia kwamba gari lenye farasi wengi ndilo gari, mengine ni mikokoteni iliyopakwa rangi. Mwenzake akataja lenye farasi wengi zaidi. Hakuna kati yao aliyewahi kugusa hata bolti ya mojawapo. Kisha wakanigeukia.

"Mzee Komora, tuambie ukweli. Si hosipawa ndiyo mambo yote?"

Niliwaambia nitawajibu kwa maandishi, maana jibu langu ni refu na chai yao ilikuwa inapoa. Basi nimeketi kuliandika. Mambo ya vyeo nayaruka. Gerejini kwetu kulikuwa na vyeo viwili tu: fundi, na yule anayelala chini ya gari kwa niaba ya fundi.

Nilifika Garissa kutoka Hola mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati Wasomali waliokimbia vita walipokuwa wakimiminika Dadaab na barabara ikajaa malori ya chakula. Malori yale yalivunjika kama vikombe. Hajji Dubow, mfanyabiashara wa mifugo ambaye hakuweza kutofautisha spana na bisibisi, aliona mbali kuliko mafundi wote wa mji. Akafungua gereji mtaani Galbet, paa la mabati na shimo moja la kukagulia, kisha akatafuta watu. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mbele ya lori lililokufa.

"Wewe umesoma ufundi Mombasa?"

"Ndiyo, Hajji."

"Haya. Hii gari imekataa. Iambie ikubali. Lakini usifunje kitu ya watu."

Aliyenifundisha kuyaambia magari yakubali alikuwa Karisa, fundi mkuu, Mgiriama aliyeacha masikio yake kwenye machimbo ya mawe ya pwani. Kwa kuwa hakusikia vizuri, alishika bisibisi ndefu kwa meno, ncha yake akaigusisha kwenye injini inayounguruma, na sauti ikampanda kupitia mfupa wa taya. Mara ya kwanza nilicheka. Akaitoa bisibisi mdomoni akasema silinda ya tatu inagonga. Tukafungua, tukakuta ndivyo. Sikucheka tena. Jaribuni nanyi siku moja, ila meno yakilegea msinitafute.

Somo kubwa alilonipa Karisa lilikuwa la joto. Tulikuwa na lori la kubeba maji lililotutesa sana: asubuhi zima kabisa, alasiri linachemka kama sufuria. Tulibadilisha pampu, tukabadilisha mpira wa maji, tukamlaumu dereva, tukamlaumu Hajji. Mwishowe Karisa akalipasua rejeta na kulikuta limejaa tope laini la mto Tana. Dereva alikuwa akichota mtoni popote alipopata kiu yeye au lori lake. "Hapa jua ni abiria," Karisa aliniambia huku akikwangua lile tope, "na halishuki njiani." Tangu hapo sikuuliza tena injini inaweza kufanya nini. Niliuliza inaweza kufanya nini alasiri, Garissa, kwa petroli iliyokaa kwenye pipa.

Sasa lile gari jekundu.

Katikati ya miaka hiyo, wakati wa jilaal, kile kiangazi kikali ambacho hata vivuli hukauka, aliingia gerejini asubuhi moja mtu aitwaye Abdikadir Sirat. Alikuwa mzaliwa wa Bura, ile ya Fafi iliyo upande wetu wa mto, na alikuwa na duka la vitambaa Nairobi. Alipenda magari kama wenzake walivyopenda ngamia, na aliwahi kushiriki mbio za magari kwa miaka kadhaa. Alikuwa njiani kumwona dada yake aliyekaribia kujifungua. Gari lake lilikuwa la spoti hasa, la milango miwili, lenye tabo, na injini ilisukuma magurudumu yote manne. Mwenye gari wa kwanza alikuwa ameliinua kidogo ili lishindane kwenye barabara za udongo. Kampuni iliyoliunda haina hatia katika habari hii, kwa hiyo naliacha jina lake lipumzike.

Abdikadir alitaja idadi ya farasi wa gari kabla hajataja jina lake mwenyewe. Akairudia, isije ikawa kuna mtu wa nyuma ambaye hakusikia. Watu waliokuwa wakinywa chai ng'ambo wakavuka na vikombe vyao kuja kutazama.

Karisa akauma bisibisi, akainama juu ya injini, akafumba macho. Alipoinuka alitema mate kando.

"Farasi hawa wanakohoa," akasema.

"Wanakohoa vipi? Gari limetoka Nairobi bila kusimama!" Abdikadir alisema kwa sauti kubwa, maana alikwishaambiwa Karisa ni kiziwi. "Mshale wa joto ulipanda kidogo tu."

Nilimweleza kile ambacho Karisa hakuwa na subira ya kukieleza. Kazi ya tabo ni kuisindilia injini hewa nyingi kuliko inavyoweza kuvuta yenyewe. Hewa ikisindiliwa hupata moto. Ukiongeza joto la hapa na petroli dhaifu ya pipa, moto huwaka ndani kabla ya wakati wake, na kila unapowaka mapema ni kama nyundo juu ya pistoni. Hesabu ya farasi ilipimwa mahali penye baridi, kwa petroli safi.

"Kwa hivyo kitabu cha gari kinadanganya?"

"Kitabu hakidanganyi," Karisa alisema. Alikuwa amesoma midomo. "Hakijafika Garissa, basi."

Abdikadir alikasirika kistaarabu. Akanitia ndani ya gari anionyeshe. Kwenye ile barabara ya nje ya mji alikanyaga mafuta mpaka shingo yangu ikarudi nyuma, na ninakiri moyo ulifurahi. Lakini kilichoniingia akilini hasa ni mbuzi waliokatiza ghafla. Alikanyaga breki na gari likasimama, halikuyumba kulia wala kushoto. Nimeendesha malori ambayo ukikanyaga breki una muda wa kusoma shahada. Nilimwambia hizo breki ndizo za kujisifia. Akanitazama kama mtu aliyesifiwa viatu siku ya harusi yake.

Aliliacha gari tulisafishe rejeta, aondoke kesho yake na msafara wa polisi, kwa sababu barabara ya Bura siku zile ilikuwa na majambazi na hakuna aliyeipita bila bunduki za serikali mbele na nyuma. Msafara wa siku hiyo ulikuwa umekwishatoka alfajiri.

Asubuhi ile ile Hajji Dubow alikuja akikimbia kutoka dukani kwake. Sikuwahi kumwona akikimbia kabla ya siku hiyo, wala baada yake. Dukani alikuwa na taar, redio ya upepo ambayo wafanyabiashara waliongea nayo na vijiji vya mbali, na habari zote, za ng'ombe na za misiba, zilipitia humo.

"Abdi, Hodan amezaa!" alisema akihema. "Mtoto iko sawa. Lakini ile kondo ya nyuma imekataa kutoka, damu haikatiki. Nesi wa Bura anasema aletwe hosbitali leo. Leo leo, amesema."

Abdikadir aligeuka. Alitazama uani. Nilifuata macho yake, na sote tulikuwa tukihesabu magari kimoyomoyo. Ambulensi ilikuwa imekwenda Dadaab kuchukua majeruhi. Land Rover zote zilizofaa zilikuwa kwenye msafara. Ile moja iliyobaki ilikuwa yetu, na gia boksi yake ilikuwa juu ya meza, vipande vipande. Lori la mifugo lingefika Bura jioni.

"Nina gari," alisema Abdikadir.

Karisa alinishika bega. "Mimi nikikaa humo sitasikia likigonga mpaka niwe nimeuma kitu. Nenda wewe."

Tulifanya kazi mbio. Kwanza tuling'oa kiti cha abiria, ili mgonjwa aweze kulala kichwa kikielekea nyuma. Nikaunganisha feni ya rejeta moja kwa moja na betri izunguke bila kukoma. Nikapunguza upepo wa matairi yakae mapana juu ya mchanga. Kisha nikachukua kipande cha waya na plaizi, nikajiingiza chini ya boneti hadi kiunoni.

Kwenye tabo kuna mlango mdogo. Ukifunguka, moshi unaoizungusha tabo hupita kando, na nguvu hupungua. Niliuvuta mlango ule wazi nikaufunga kwa waya usifungike tena.

"Unafanya nini hapo?" Abdikadir aliuliza.

"Nafunga farasi."

"Wangapi?"

"Wengi."

Alinikamata mkono, na alinikamata kweli. "Komora, dada yangu anatoka damu, nawe unalifanya gari langu kuwa punda?"

"Ukienda na farasi wote, mchangani injini itafanya kazi nzito, upepo wa kuipoza hautakuwepo, na petroli ni hii hii. Pistoni itatoboka. Tutasimama porini katikati, na hakuna gari la pili."

"Hujui hilo."

"Sijui," nilikubali. "Lakini nikikosea mimi, tutachelewa. Ukikosea wewe, hatutafika."

Aliniachia. Alama za vidole vyake zilibaki mkononi mwangu kwa muda.

Tuliondoka bila polisi. Nilikalia blanketi lililokunjwa pale kiti kilipokuwa, mgongo wangu kwenye mlango, kichwa chini ya dirisha. Barabara sikuiona. Niliona anga, magoti ya Abdikadir, na ule mshale wa joto, na nikashukuru kuwa na kitu kimoja cha kutazama. Nje nilisikia mchanga ukipiga sakafu chini yangu kama mchele ukimiminwa kwenye sinia.

Ndipo nilipomjua Abdikadir. Mtu yule aliyejigamba tangu alipoingia gerejini hakuwa na kiburi hata chembe mikononi. Kwenye mchanga mzito hakukanyaga kwa hasira. Aliliongoza gari kwa ncha za vidole, akabadilisha gia kabla injini haijalalamika, akaliacha lielee. Gari lilikuwa jepesi, na wepesi huo haukuwa umeandikwa popote kwa herufi kubwa. Lori la Hajji lingezama pale lilipopita lile gari. Mshale ulipanda, ukasita, ukakaa chini ya alama nyekundu.

"Linaendelea," alisema, kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

Tulikuwa tumepita nusu ya njia aliposema neno moja.

"Watu."

Nilijua ni watu wa namna gani kwa jinsi alivyolisema. Aliteremsha gia na kukanyaga mafuta hadi sakafuni. Injini ikapiga kelele, lakini gari halikuruka. Liliongeza mwendo polepole, kama mzee anayeamka kitini.

"Komora! Farasi wako wapi?"

Niliinua kichwa. Mbele, pale barabara inapobanwa na vichaka pande mbili, walisimama wanaume watano au sita wenye bunduki, na mmoja alikuwa amepiga goti, akilenga. Kila mtu wa Garissa alizijua hadithi za mahali kama pale. Nilijua pia kwamba nguvu ambazo zingetupitisha nilikuwa nimezifunga kwa mikono yangu.

Abdikadir aliona haliwezekani. Akaondoa mguu, akakanyaga breki.

Gari lilisimama wima, kama msumari uliopigwa ubaoni. Vumbi letu wenyewe likatupita, likawafunika wale watu, na kwa muda hakuna aliyemwona mwenzake.

"Toka! Mikono juu! Toka!"

Tulitoka. Aliyekuja mbele alivaa koti kuukuu la polisi na shuka ya macawis chini yake. Wengine walivaa chochote. Mtutu ulikuwa karibu na kifua changu kiasi kwamba niliona kutu kwenye ncha yake. Kama fundi, niliona aibu kufa kwa kitu kisichopakwa mafuta.

"Kiti iko wabi?" aliuliza, akichungulia ndani. "Nani anatoa kiti ya gari? Mnabeba nini hapa? Bunduki?"

"Hatujabeba kitu, adeer," Abdikadir alisema, akimwita ami kwa heshima. Akageukia Kisomali, akaongea mbio, nikasikia jina la Hodan, nikasikia neno dhiig, damu. Yule mtu aliteremsha mtutu kidogo.

"Hodan ya Sirat? Ile ya karibu na kisima?"

"Dada yangu."

Wakatazamana. Walikuwa askari wa akiba wa vijiji vya huko, na walikuwa wakilinda njia baada ya gari la majambazi kuipita asubuhi. Yule mkubwa wao alimwonyesha Abdikadir mwenzake aliyekuwa bado amepiga goti.

"Walaal, ndugu yangu, nilimwambia huyu, gari ikisimama ngoja, gari ikikimbia biga. Wewe ulianza kukimbia. Mimi nilishainua mkono." Alikishusha kiganja chake kuonyesha jinsi ambavyo angetoa amri. "Nendeni. Mkirudi hakuna mtu atawasimamisha."

Tulipoingia garini, Abdikadir alishika usukani kwa muda kabla ya kuwasha. Hakunishukuru, na sikustahili shukrani. Lau wangekuwa majambazi wenyewe, ule waya ungetuua. Nawaambia hivyo vijana kwa sababu nimesikia watu wakilisimulia tukio lile kana kwamba nilikuwa nimeona mbele. Sikuona kitu. Nilikuwa nimekaa sakafuni.

Bura tulipokelewa na nesi, mwanamke wa makamo aitwaye Fatuma, mikono yake ikiwa na damu hadi kwenye viwiko. Alikuwa amelikanda tumbo la Hodan tangu alfajiri, amechoka hata kusalimia. Hodan alilala kitandani, midomo imepauka kama chaki. Mama yao, Hooyo Madina, alikaa pembeni na mtoto mchanga amemfunga kifuani, akisoma dua bila sauti.

Tulimbeba Hodan kwa shuka na kumlaza pale sakafuni palipokuwa pangu. Fatuma akajikunja nyuma, magoti yakigusa kidevu, ili mkono wake ubaki juu ya tumbo. Baada ya hapo hapakuwa na nafasi hata ya birika. Mimi ningebaki.

Abdikadir alinivuta kando ya boneti.

"Fungua waya."

"Abdi..."

"Umemwona alivyo. Kila kipande cha njia nikichelewa ni damu yake. Nirudishie farasi wangu."

"Ukiwa nao kwenye mchanga, injini itakufa. Utakaa naye njiani umemshika mkono. Ndilo unalotaka?"

"Nataka afike!"

Fatuma alitoa kichwa dirishani. "Mimi sijui injini. Niambieni ipi itafika na tuondoke."

Kisha tulisikia sauti kutoka sakafuni, nyembamba lakini wazi. "Mnabishana juu ya gari?" Hodan aliuliza. "Hata leo?"

Nilifikiri kwa muda ambao ulikuwa mfupi, ingawa mwili wangu unaukumbuka kuwa mrefu. Mimi sikuwa nikienda. Nisingeuona mshale, nisingesikia injini, nisingemwona Hodan akipoteza fahamu. Niliifungua boneti nikamwonyesha Abdikadir waya ulipo na jinsi unavyokatika kwa mkato mmoja. Kisha nikamwekea plaizi mfukoni mwa shati.

"Mchangani usiguse. Baada ya mchanga kuna ule uwanda mgumu unaokwenda hadi mjini. Ukifika hapo, tazama mshale, mtazame na dada yako. Halafu uamue mwenyewe. Dereva ni wewe."

Aliitikia kwa kichwa. Gari liliondoka polepole, vumbi likaliinukia, na likatoweka.

Kungoja ni kazi ambayo fundi hafundishwi. Nilikaa na Hooyo Madina kwenye baraza la duka lenye taar. Mwenye duka alimwita Hajji Dubow hewani mara kwa mara, akajibiwa na mkwaruzo tu, au na mtu wa Ijara aliyetaka kujua bei ya ng'ombe na akatukanwa bila kosa. Katika kichwa changu nililiendesha gari lile kila hatua. Nililisikia likigonga. Niliiona pistoni ikitoboka. Kisha nililiona likienda vizuri kabisa, taratibu, na Hodan amekwishakata roho ndani yake, nikaona hilo ndilo baya zaidi, maana hilo lingekuwa kosa langu.

Mtoto alilia, Hooyo Madina akambembeleza, kisha akanigeukia. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kichache na kilichonyooka.

"Wiilkayga," alisema, yaani mwanangu, "gari ni nzuri?"

Nilitafuta jibu la kweli. "Breki zake ni nzuri sana, Hooyo."

Alimkaza mtoto kifuani. "Mimi nimeuliza ya kwenda," akasema, "si ya kusimama."

Swala ya alasiri ikaswaliwa. Kivuli cha duka kikavuka barabara. Jua lilikuwa bado juu ya miti ya mbali taar ilipokohoa na sauti ya Hajji ikaja imevunjika vunjika. Wamefika. Yuko ndani kwa daktari. Hooyo Madina alitaka lirudiwe. Likarudiwa. Alifunika uso kwa mtandio, na mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikaondoka pale nikaenda kunawa uso ambao haukuwa na vumbi.

Habari ya pili, kwamba ataishi, ilikuja asubuhi, na mimi, Hooyo na mtoto tukapanda lori la mbuzi lililokuwa likienda Garissa.

Gari jekundu nilikuta limeegeshwa kwenye ukuta wa hospitali, pua chini, mafuta meusi yametapakaa chini yake. Abdikadir aliketi kando yake kwenye kivuli. Alinipa plaizi yangu.

"Nilikata," alisema.

Alinisimulia taratibu. Mchangani hakuugusa waya. Walipofika uwandani, Fatuma alimwambia mapigo ya Hodan hayashikiki vizuri. Alisimama, akafungua boneti, akakata, akakanyaga mafuta. Gari liliruka kama lilivyoumbwa kuruka. Lilianza kugonga hapo hapo. Alilisikia na akaendelea, na karibu na nyumba za kwanza za mji moshi wa buluu ukaanza kumfuata. Lilizimika langoni mwa hospitali na watu wakalisukuma ndani. Daktari alimwambia kuwa wangechelewa zaidi kidogo, asingekuwa na la kufanya.

"Kwa hivyo farasi walikuwa muhimu," alisema Abdikadir. Hakusema kwa ushindi. Aliuliza.

"Walikuwa," nilisema.

Tulilivuta gari hadi gerejini, tukaifungua injini sote watatu. Karisa alizitoa pistoni moja baada ya nyingine na kuzipanga juu ya gunia. Ya tatu ukingo wake ulikuwa umeyeyuka kama sukari guru iliyonyeshewa.

"Ingefika wapi zaidi ya pale?" Abdikadir alimuuliza, akimtazama usoni ili aweze kumsoma.

Karisa aliipindua pistoni kwenye mwanga. "Sokoni. Kama hakuna watu wengi."

Hilo ndilo jibu langu kwa vijana, na najua si fupi kama lililo kwenye simu. Idadi ya farasi ni swali la haki, ila ukiliuliza peke yake gari halijakuambia kitu. Uliza farasi hao walihesabiwa wapi, kwa petroli gani. Uliza gari lina uzito gani, linageukaje, na likikutana na mtu mwenye bunduki linasimamaje. Uliza sana nani ameshika usukani. Abdikadir aliendesha punda mchangani na farasi uwandani, na alijua mpaka uko wapi. Miaka yote niliyobaki kazini nilipima magari mengi ya watu waliokuja wakijisifu, na kila mara niliposhika waya nilimfikiria Hodan akipungukiwa damu, na kila nilipouacha niliifikiria ile pistoni. Sikupata kamwe kuwa na uhakika, na fundi mwenye uhakika juu ya injini ya mtu mwingine msimpe gari lenu.

Gari lile Abdikadir aliliuza kwa vipande. Hodan alikaa hospitali mpaka damu ikamrudi mwilini. Siku aliyoruhusiwa alikuja gerejini, anatembea pole, mama yake nyuma na mtoto mgongoni mwa mama. Alikuwa ameambiwa juu ya pistoni na alitaka kuiona. Nilimpa. Aliishika kiganjani, akaupitisha ukingo ulioyeyuka chini ya kidole gumba.

"Hii ndiyo farasi?"

"Sehemu ya farasi," nilisema.

"Kumbe ni kidogo hivi."

Alinirudishia. Abdikadir alikuwa amekwishampata rafiki mwenye gari zuri, la kasi, la kuwarudisha Bura kabla ya adhuhuri, na lilikuwa nje linanguruma. Hodan alilitazama, akatazama upande wa pili wa barabara ambako lori la mifugo lilikuwa likipakia magunia na akina mama. Akamchukua mtoto kutoka kwa mama yake, akamweka begani.

"Waambie wale wa lori watungoje," alimwambia kaka yake. "Leo sina haraka."